Hapana ya Mzee Orville

Katika mabonde ya Kentucky, Marekani, watu hawamkatalii mtu usoni. Ukiwapigia simu kuwaeleza jambo, wataitikia "haya, haya" mpaka uchoke, kisha warudi kwenye viazi vyao. Muuguzi Verna Stidham alizaliwa humo humo, ndiyo maana fomu ya Orville Caudill ilimshtua.

Mzee Orville, mchimba makaa mstaafu mwenye kisukari na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, alikuwa ameandikishwa kwenye huduma ya kufuatiliwa hali yake kwa simu kila mwezi. Penye neno "ridhaa" palitiwa alama ya ndiyo.

"Nani kamuuliza?" Verna akauliza.

"Mimi, kwa simu," akajibu Darrin, meneja mpya wa zahanati. "Kaitikia haya mara nne."

"Hata ukimwambia unamkata mguu ataitikia haya! Ulimwambia kuna malipo? Kwamba ni daktari mmoja tu anayeruhusiwa kumpa huduma hiyo kila mwezi? Kwamba anaweza kuacha akitaka?"

"Dada Verna, ni kialama tu."

"Ni mwili wa mtu."

Verna akawasha gari hadi kwa mzee. Orville alikuwa barazani, mtungi wa oksijeni ubavuni. Verna alikula kwanza mkate wa mahindi aliokaribishwa. Huko hutangulizi karatasi. Kisha akamweleza kila kipengele. Mzee akaitikia, "Haya."

"Usiniambie haya, babu. Niambie umeelewa nini."

Mzee akacheka hadi kikohozi kikamshika. "We binti mkaidi kama marehemu mama yako!" Halafu akakunja uso. "Nikikataa, mtanitibu?"

"Kama kawaida."

"Na dawa zangu?"

"Zote."

Mzee akaichukua ile karatasi. "Miaka thelathini na moja mgodini nilisaini kila karatasi. Hata iliyosema vumbi halina neno. Hakuna aliyenisubiri nisome."

Akavaa miwani, akasoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Verna alisubiri.

"Daktari wa mapafu kule mjini tayari hunipigia simu kila mwezi," mzee akasema hatimaye, mgongo umenyooka. "Ananitosha. Andika hapana."

Verna akaandika, kwa herufi kubwa.

"Umeendesha maili kumi na tisa kuleta hapana?" Darrin alishangaa Verna aliporudi zahanati.

"Ndiyo. Na ni yake mwenyewe. Wangapi wengine walikuitikia haya?"

Darrin akatazama chini. "Arobaini hivi."

"Chukua koti lako. Tunaanza kwa Bi Hassie Combs."