Upanga Uliomtoa Shangazi Sebuleni

Tangu niutundike upanga ukutani, shangazi yangu aliacha kuingia sebuleni kwetu. Alikuwa akija kila siku baada ya alasiri, kutoka nyumba ya tatu hapo hapo mtaani kwetu Dunda, kunywa chai na kukosoa chai. Sasa aliishia barazani. Nikimwambia karibu ndani, alijibu, "Hapa pananitosha," huku akitazama mlango kama vile ndani kuna mtu ninayemficha.

Nilidhani anaogopa chuma. Kuna watu wa umri wake hawataki silaha ikae juu ya vichwa vya watu. Nikauhamisha kutoka juu ya kochi, nikaupeleka juu ya televisheni. Hakuingia. Nikaupeleka ukumbini. Hakuingia. Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na chokaa haishiki msumari. Kila nilipouhamisha, uliacha tundu la kutosha kuingiza yai.

"Ukimwangukia mgeni," mke wangu alisema, "itakubidi uandike kadi nyingine, msomi."

Kadi ndiyo iliyokuwa inanikosesha raha. Baba alipofariki tuliukuta upanga nyuma ya kabati lake, ndani ya ala yake ya chuma, umeviringishwa katika kanga. Nilijua habari zake tangu utotoni: babu yake baba alimwangusha Mjerumani kutoka juu ya farasi, akauchukua. Habari hiyo nimeisimulia chuo kikuu, nimeisimulia kwenye harusi, na wakati fulani niliiandika gazetini, nikaongeza mvua. Sasa nilitaka kadi ndogo chini yake, yenye maneno machache ya kweli, na kila nilipokaa kuiandika niligundua kwamba sina hata neno moja ninaloweza kulithibitisha. Nilikuwa naamka kutoka mezani, naugusa, narudi, naamka tena. Mke wangu alisema namzungushia upepo.

Ndipo nikaenda Zinga kumwona mzee mmoja mtu wa bara, aliyestaafu kazi ya makumbusho na sasa analima mihogo. Niliufunga upanga kwenye kitenge. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama ni bomba la pazia. Nikasema ndiyo, kwa aibu ambayo kitukuu wa shujaa hakupaswa kuwa nayo.

Mzee aliufungua juu ya meza yake, akavaa miwani, akauinamia. Kisha akauliza, "Nani kausugua hivi?"

"Mimi, mzee. Kwa msasa. Ulikuwa na kutu."

"Kutu ungeniachia mimi. Umefuta cheti chake cha kuzaliwa."

Chini ya kinga ya mkono, mahali msasa haukufika, alikuta nusu ya alama ya taji na tarakimu mbili. Akaniita nisogee. Upanga huu, alisema, ni wa askari wapanda farasi kweli: umepinda, una makali upande mmoja, na ala yake ina pete mbili za kuuning'iniza kiunoni. Moyo wangu ulifurahi. Kisha akaendelea. Ni wa Kiingereza, na ni wa tangu kabla Wajerumani hawajafika huku. Silaha za namna hii zilipopitwa na wakati ziliuzwa kwa wafanyabiashara, zikazunguka Arabuni, nyingine zikaishia pwani yetu.

"Basi yule Mjerumani aliupata wapi?"

"Mjerumani gani?"

Nikamsimulia. Mvua niliiacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akapitisha kidole kwenye makali. "Hakuna hata pengo. Huu haujampiga mtu. Sasa tazama ala. Ya mpanda farasi hulika ubavuni, kwa kuburuzwa. Hii imelika nchani, sawasawa, kama mkongojo. Mtu aliuegemea miaka mingi, tena kwa mkono wa kushoto. Ona ngozi ya mpini ilivyosagika. Na hapa imeshonwa upya." Akacheka kidogo. "Aliyeshona hakuwa fundi."

Nilirudi nimekasirika, sijui nani aliyenikosea. Nilikuwa nimeondoka na shujaa, narudi na mtu wa shoto mwenye mguu mbovu.

Shangazi alikuwa barazani, kikombe mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Bomba la pazia limesemaje?"

Dunda habari hutangulia mtu. Nikakaa kwenye ngazi, nikauweka upanga magotini, nikamuuliza kama kwenye ukoo wetu kuliwahi kuwa na kiguru.

"Kiguru?"

"Mtu wa shoto, aliyetembea akiegemea upanga huu."

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Wewe umesoma mpaka umepitiliza! Ijumaa unakwenda wapi?"

"Msikitini."

"Khatibu akipanda mimbari kuhutubu, ameshika nini?"

"Fimbo."

"Mkono gani?"

Nikautazama mpini uliosagika. Mkono wa kushoto. Ijumaa zote hizo nimekaa safu ya pili, namtazama khatibu ameegemea fimbo yake, nawaza kuhusu makala zangu.

"Kabla ya fimbo kulikuwa na upanga huo," alisema. "Baba yangu ndiye aliyekuwa khatibu. Ngozi ya mpini ilichanika, akaja nao nyumbani ushonwe. Niliishona mimi, nilikuwa msichana, na sindano ya magunia. Kabla sijamaliza akaugua ugonjwa uliomwondoa. Akaniambia, mwanangu, ukimaliza urudishwe, ule si wetu, ni wa msikiti. Nikamaliza. Nikampa baba yako aurudishe, kwa kuwa mimi ni mwanamke, nitaubeba vipi mpaka kwenye mimbari? Naye alikuwa ameshawaambia wenzake shuleni habari ya Mjerumani. Mwalimu alimpigia makofi. Basi, angeurudishaje?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Uliutundika, ukaniita nije nione *wetu*."

Nilitazama mshono ule. Ulikuwa mbaya kweli, wa nyuzi nene, unakwenda kama njia ya ng'ombe. Nilimwambia mtaalamu wa Zinga ameusifu. Akasema mtaalamu ni mwongo, au mimi.

Ningependa kuandika kwamba niliamua papo hapo. Sikuamua. Siku mbili nilizunguka nyumba nikitafuta hoja: kwamba muda umepita mno, kwamba msikiti wenyewe umejengwa upya, kwamba mimi nitautunza vizuri zaidi, mimi niliyeusugua kwa msasa. Kila hoja niliipeleka barazani, na shangazi aliipokea akinyanyua kikombe. Wala hakunisukuma. Alisema tu, mara moja, kwamba baba yake alimwagiza yeye na si mwingine, na kwamba siku wakikutana atakuwa na la kujibu au hatakuwa nalo.

Ijumaa asubuhi tulikwenda wote wawili. Mimi nilibeba, yeye alitangulia. Imamu aliufunua, akaugeuza, akasema wazee walikuwa wakiutaja upanga huu, wakidhani umepotea. Aliuliza ulikuwa wapi. Nilifungua mdomo, nikiwa na Mjerumani tayari kwenye ulimi.

"Ulikuwa kwa fundi," alisema shangazi.

Adhuhuri khatibu alipanda nao, mkono wa kushoto, ncha ya ala chini. Alipofika ngazi ya juu chuma kiligusa saruji, kikatoa mlio mdogo mkavu. Nilijua upande wa pili wa pazia la wanawake kuna mtu mmoja aliyekuwa akiusubiri mlio ule tangu usichana wake. Khutba yenyewe sikuisikia vizuri. Nilikuwa nautazama mshono.

Baada ya alasiri shangazi alikuja, akavua viatu mlangoni, akaingia moja kwa moja mpaka sebuleni. Alikaa mahali pake pa zamani. Mke wangu akaleta chai. Shangazi akaionja, akasema sukari imezidi, kisha akazungusha macho ukutani, tundu moja baada ya jingine.

"Ukuta wa watu," akasema, "umeuharibu kabisa."