Hewa Safi ya Mlimani

Shuka lilianikwa zima asubuhi, likaanuliwa na matundu.

Mke wangu alilitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye tundu moja, akanitazama.

"Baba watoto, hili nalo ni panya?"

"Panya gani anapanda kamba ya nguo? Hiyo ni sabuni kali," nikamjibu, kama mtu anayejua.

Jamani, sikujua kitu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mke wangu ana pumu tangu utotoni. Tulikuwa tunakaa bondeni, ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha shaba, na moshi wake ulitukohoza mtaa mzima. Sisi tukikohoa, yeye anatafuta inhela.

Wakazi walilalamika mpaka meneja akachoka. Akatangaza kwamba bomba la moshi litarefushwa, moshi upite juu kabisa. Kazi nikapewa mimi.

Niliichomelea kazi ile kwa mapenzi. Kila kipande nilichounga, niliwaza kifua cha mke wangu. Nilipomaliza, moshi ukapita juu ya vichwa vyetu ukaenda zake. Watu wakanishika mkono barabarani, na kichwa kikanivimba kwelikweli.

Lakini nilitaka pumu ile niikomeshe kabisa. Malipo yote nikayafanya kodi ya nyumba mlimani, kwenye miti na ukungu. Hewa safi, bwana.

Nikampangia na mazoezi. Kila asubuhi anapanda kilima mbiombio, mimi nyuma nahimiza kama kocha.

"Fungua mdomo, vuta hewa. Mapafu yajae."

"Kifua kinabana, baba watoto."

"Huo ni uchafu wa bondeni unatoka. Vuta tena."

Maskini, akavuta.

Inhela zikawa zinaisha upesi kuliko zamani. Mabati mapya yakaota kutu. Kisha likaja lile shuka, na kesho yake, katikati ya kilima, mke wangu akakaa chini akashindwa kumaliza neno. Midomo ikabadilika rangi. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani huku nalia waziwazi, mwanaume mzima, wala sikuona haya.

Hospitali tulipokewa na daktari, mama mmoja mtu mzima. Akamvisha mgonjwa barakoa ya oksijeni, akasubiri pumzi zitulie, ndipo akaniuliza tunakaa wapi.

"Mlimani," nikasema. "Kwenye hewa safi."

Akavua miwani.

"Safi? Nina wodi nzima ya watu wa mlimani. Moshi wa kile kiwanda una gesi ya salfa, na ikikutana na ukungu inakuwa asidi. Wewe itakukereketa koo tu. Mwenye pumu, njia zake za hewa zinajibana. Na akikimbia anahemea mdomoni, pua haipati nafasi ya kuchuja, yote yanashuka kifuani."

"Lakini kiwanda kiko bondeni, daktari."

"Zamani moshi nao ulibaki hukohuko. Sasa kuna mjinga mmoja kalirefusha bomba mpaka mdomo wake umelingana na mlima. Natamani nimjue."

Mke wangu, ndani ya barakoa yake, akainua kidole polepole akanielekezea.

Daktari akarudisha miwani usoni. "Poleni," akasema, na sikujua pole ile ilikuwa ya nani.

Nilikwenda kwa meneja kumwomba aweke mtambo wa kuchuja moshi. Alinisikiliza vizuri sana, akaniagizia na chai.

"Kuchuja ni gharama, fundi. Wewe liongeze tena bomba, moshi uvuke mlima."

"Nyuma ya mlima kuna nani?"

"Watu tu."

Nikakisogeza kikombe cha chai pembeni. Mara ya kwanza mimi hata swali hilo sikuliuliza. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nikakataa kazi. Hakuhangaika, maana mafundi tuko wengi, na aliyepewa kazi ameshapanda juu na mashine yake.

Tumerudi bondeni, chini ya bomba lenyewe. Mke wangu anapumua vizuri, analala usingizi mzito, na namshukuru Mungu. Majirani bado wananipongeza.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma hapa, siku hewa ya kwenu ikiwa safi ghafla, usikimbilie kushangilia. Uliza kwanza nani ameanza kukohoa.