Siku Biira Alipopiga Tena Vigelegele

Mawe yakigongana chini ya maji. Huo ndio mlio ambao Biira aliukumbuka kuliko sura za watu na kuliko majina yao. Mto Nyamwamba ulikuwa umefura mchana kweupe, maji ya rangi ya udongo yamefika vizingitini, na ndani yake mawe makubwa kama mafahali yakibingirika, gu, gu, gu, hata ardhi ikatetemeka chini ya nyayo. Ilikuwa Mei, mwaka 2013. Binti yake Immy, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amevuka daraja la magogo kwenda kwa shangazi yake. Daraja halikuonekana tena, na Immy hakuonekana tena. Wengine walipatikana, huyu kwenye mchanga, yule amenaswa na mizizi huko chini mto unakotulia. Immy hakupatikana, si mwili, si kiatu.

Kabla ya siku hiyo Biira alijulikana Kasese kwa jambo moja. Alilima muhogo na kuuza majani yake, sombe, sokoni kama wanawake wengine, lakini arusi isiyokuwa na Biira ilionekana mkutano tu. Vigelegele vyake vilianza chini, kama mtu anayeuliza. Vikapanda, vikakatika katikati kama vimeteleza, halafu vikaanza upya juu zaidi. Hakuna aliyeweza kuviiga. Mtu aliyekuwa shambani kwake mlimani aliinua kichwa akasema, huyo Biira, basi kwa fulani mbuzi wa mahari wamefika, au kwa fulani kuna mtoto. Baada ya mafuriko hakupiga tena, na hakuna aliyethubutu kumwomba.

Mumewe, Yeseri, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Mwaka ulipopita, ndugu zake walimwendea wakamwambia mtoto hawezi kuachwa nje hivyo milele. Akate shina la mgomba, walifunike shuka, walizike mahali pa Immy, kama walivyofanya wazee kwa mtu ambaye mwili wake haukurudi nyumbani. Yeseri alikubali. Biira alikataa. Hakugombana na mtu, alisema tu kwamba aliye safarini hachimbiwi kaburi. Aliamini huko chini mto unakotulia kuna familia iliyomwokota mtoto, ikamkausha, ikamlisha, na kwamba hofu ilikuwa imemsahaulisha jina la kwao. Tangu hapo mume na mke walilala kitanda kimoja na neno hilo katikati yao. Yeseri akilianza, Biira aligeukia ukuta.

Miaka miwili baada ya mafuriko ukaja mchezo wa Zedekiah.

Zamani Zedekiah alikuwa nyota. Wenye mvi walimkumbuka akiruka juu ya spika na gitaa la umeme, nywele zimesimama, suruali ya ngozi ikimetameta, na wasichana wakizimia. Sasa alikuwa akizunguka miji ya magharibi na mchezo wa kuigiza wa nyimbo tupu, muziki wa roki mwanzo hadi mwisho. Aliigiza baba aliyeibiwa binti na mlima. Baba anamtafuta kwa nyimbo, anazeeka akimtafuta, mwisho anapanda mwamba na kuita, na binti anaingia kutoka nyuma ya watazamaji, anapita katikati yao, anamkumbatia. Binti huyo aliigizwa na Ayaa, msichana wa kambi ya jeshi, mtoto wa askari, mdogo wa umbo kuliko umri wake.

Meneja wa kundi, bwana mmoja aitwaye Tumusiime, alikuwa na shida. Watu wa huku walikaa mikono kifuani kama wako kanisani. Waliona ni utovu wa adabu kupiga kelele mtu mzima anapoimba habari za msiba wake. Alihitaji mtu wa kuwaonyesha wakati wa kushangilia, hasa pale binti anaporudi. Akaelekezwa kwa Biira. Jirani yake Edisa aliposikia kwamba Biira amekubali, alishangaa. Yeseri alishangaa zaidi.

Biira hakumwambia mtu sababu. Mchezo ungepita Hima, uje Kasese, uende Bwera mpakani. Watu wangeteremka na watoto wao kutoka kila kilima, na yeye angewekwa kwenye kigoda pembeni mwa jukwaa, uso wake umewaelekea. Angeweza kuwatazama wote, mmoja mmoja, bila mtu kumuuliza anatafuta nini.

Hima walikuja wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, vumbi jeupe bado liko kwenye nyusi. Walitazama bango lenye picha ya Zedekiah kijana, wakamtazama Zedekiah mwenyewe, wakaanza kubishana. Mmoja alisema huyu ni baba wa yule wa pichani. Mwingine alisema yule alishakufa. Rangi ya nywele ilipoanza kumtiririkia shingoni na jasho, walicheka, lakini kwa staha, wakijifunika midomo. Kisha akafika mahali ambapo zamani aliruka kutoka juu ya kasha. Alisita, akashika bega la mpiga ngoma, akashuka ubavu, mguu mmoja mmoja. Ukumbi mzima ukaitikia kwa huruma, kama watu wanaomwona jirani amejikwaa njiani: pole, mzee.

Baadaye, nyuma ya lori, Zedekiah alimwambia Biira kwamba ujanani alirushiwa chupa, na hakuna chupa iliyomwumiza kama ile pole. Alikuwa amemwangalia Biira wakati wa mchezo na alitaka kujua jambo.

"Mama, unawatazama watu kuliko mimi ninavyowatazama. Unaona nini?"

"Walio mbele wamekuja kukuona," Biira akasema. "Walio nyuma wamekuja kuona kama utaanguka."

Mzee akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Na wewe umekuja kuona nini?"

"Mimi namtafuta mtoto wangu."

Zedekiah hakusema pole. Biira alimshukuru kwa hilo moyoni.

Pale Hima alikuwa amepiga vigelegele, ndiyo, lakini vidogo, vikafunikwa na magitaa. Macho yake yalikuwa kazini. Alipita uso baada ya uso, mtoto baada ya mtoto. Immy hakuwa huko.

Kasese ukumbi ulikuwa wa mabati, madirisha hayana vioo, upande ule ule wa Nyamwamba alikoishi Biira. Hakulifikiria hilo. Kwake vigelegele vilikuwa vimeshakuwa kazi, kitu kinachopigwa chini ya spika na kuishia hapo hapo. Alasiri hiyo walijaa wafanyabiashara, wakulima waliotoka Ibanda na Kilembe, na kwenye mabenchi ya nyuma askari na familia zao kutoka kambini, watu wa pande zote za Uganda wanaocheka kwa sauti wanapotaka kucheka. Zedekiah aliimba vizuri. Alipanda ule mwamba wa mbao, akainua mikono amwite binti, na umeme ukakatika.

Magitaa yakafa. Ikabaki sauti ya mzee peke yake, nyembamba, kavu, inakwaruza. Hakuacha. Aliita, na sauti ikapasuka. Askari mmoja nyuma akasema, "Afande, mpeni kiti," na mabenchi yakaangua kicheko. Mwingine akauliza kama kuna mtu aliyebeba uji. Kicheko kikaja mbele, sasa hata wenye staha hawakujifunika midomo. Ayaa alikuwa ameshaingia, anapita katikati ya watu, hajui aendelee au arudi. Zedekiah akaita tena. Biira alimwona mzee akiutafuta ukingo wa mwamba kwa mguu, akaona atashuka, na kwamba akishuka hivyo hatapanda tena popote.

Akamwonea huruma. Hakukuwa na sababu nyingine. Alisimama juu ya kigoda, akajaza kifua, akapiga.

Vilianza chini, kama mtu anayeuliza. Vikapanda, vikateleza, vikaanza upya juu zaidi, vikatoka kwenye yale madirisha na kupita juu ya mabati. Kicheko kikakatika. Askari wakaketi sawa. Ayaa akapata nguvu, akakimbia, akapanda, akamkumbatia mzee, na ukumbi wote ukapiga makofi. Biira akapiga tena, na mara ya tatu, kwa sababu kifua kilikuwa kimefunguka na hakikutaka kufungwa.

Ndipo wakaanza kuingia.

Wa kwanza alikuwa Edisa, mikono ina unga wa muhogo hadi kwenye viwiko, analia na kucheka, anasema wasingya, wasingya, asante kwa Mungu. Nyuma yake wanawake wa mtaa mzima, mwingine kiatu kimoja, mwingine mtoto begani. Wazee walitoka kwenye kahawa zao. Walikuwa wameisikia sauti ambayo miaka miwili haikusikika, na wote walijua maana yake, kwa sababu kulikuwa na jambo moja tu ambalo lingeweza kuirudisha. Walikuwa wakiulizana, yuko wapi, nani amemleta, mpisheni mama yake.

Kisha Yeseri. Alikuwa ametoka karakana mbio, vumbi la mbao kwenye nywele, penseli bado iko sikioni. Hakumtazama mkewe. Aliona msichana mdogo jukwaani, mgongo umeelekea mlango, amekumbatiwa na mzee. Watu wakampisha. Alipanda jukwaa kwa mikono na magoti, akamshika Ayaa mabegani, akamgeuza.

Alimtazama muda mrefu. Aliendelea kumtazama hata baada ya kuona kwamba si yeye.

Na watazamaji, ambao walidhani hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, wakasimama na kushangilia. Askari walipiga miluzi. Mama mmoja wa kambini alikuwa akifuta machozi na kumwambia jirani yake kwamba huyu wa pili anaigiza kuliko yule mzee. Zedekiah peke yake jukwaani alielewa. Alivua koti lake linalometameta, akamfunika Yeseri kichwa na mabega ili watu wasimwone uso, akamshusha ngazi pole pole, mzee akimshika kijana, na wakapigiwa makofi mpaka mlangoni.

Nyumbani majirani hawakukaa. Edisa alisafisha mikono yake nje, akasema usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado halijazama, akaenda. Biira alimngoja mumewe amkemee. Yeseri alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliitoa ile penseli sikioni, akaishika.

"Nilikuwa nimemaliza kulia," alisema. "Nilijua amekufa. Umenifanya nikimbie barabara nzima naye yu hai."

Miaka yote miwili Biira alidhani ni yeye tu anayemngoja Immy, na kwamba mume anayetaka kuzika hana tumaini la kuvunjwa. Alikuwa ameliona lile tumaini likipanda jukwaa kwa magoti.

Asubuhi Tumusiime alikuja na furaha. Alisema mji mzima unazungumzia mchezo, na akaomba, kwa adabu, kama bwana wa Biira angekubali kuja Bwera na kukimbia vile vile. Zedekiah, aliyekuwa nyuma yake, alimwambia anyamaze. Lakini Biira alisema atakwenda. Bwera ndio mwisho wa barabara, watu huja kutoka ng'ambo, kutoka Kongo, na kwenye nyuso hizo alikuwa hajatazama. Yeseri hakumzuia. Alipanda lori lile lile, akakaa juu ya spika, hakuuliza nauli wala nafasi.

Bwera ilikuwa siku ya soko. Watu walijaa na mizigo yao, wanawake wamekalia magunia, watoto juu ya mapaja. Hao hawakukaa mikono kifuani. Walizikumbuka nyimbo za zamani za Zedekiah kwenye redio, waliziimba naye, na aliposhuka kasha kwa ubavu hakuna aliyesema pole. "Papa, iko moto bado," mwanaume mmoja akamwambia, na mzee akatabasamu kama yule kijana wa kwenye bango. Biira alitazama nyuso. Alitazama wasichana wadogo, wale wa miaka tisa, mstari baada ya mstari. Alikuwa karibu kufika mwisho alipokumbuka kwamba Immy angekuwa na miaka kumi na mmoja sasa. Akarudi mwanzo kuwatafuta warefu zaidi, na akagundua kwamba sura hiyo haijui. Hakuwahi kuiona. Angeweza kuwa amempita.

Zedekiah akapanda mwamba, akaita. Umeme haukukatika. Ayaa akaingia, akapita kwenye magunia, akapanda, wakakumbatiana. Magitaa yakanyamaza kama yalivyopangwa, kumpisha Biira.

Alifumbua kinywa. Hakikutoka kitu.

Watu walingoja. Mama mmoja wa ng'ambo, aliyeketi karibu na kigoda, alimgusa goti. "Mama, mutoto amerudi. Piga." Kisha akamtazama usoni, akauondoa mkono wake na kujifunika kitenge kichwani. Wanawake wa mstari huo waliangaliana, nao wakajifunika. Hawakuambiwa kitu. Walitoka mahali ambako watu huondoka na hawarudi, walijua uso huo unafananaje. Mmoja akasimama, kama mtu anavyosimama jeneza linapopita barabarani, na mwingine, na mstari wa nyuma, mpaka uwanja mzima umesimama na hakuna anayepiga makofi. Jukwaani mzee alimwachia Ayaa. Akavua gitaa shingoni, akaliweka chini.

Yeseri alipenya kati ya magunia akachuchumaa mbele ya kigoda. Hakumshika. Alimngoja.

Sauti ile iliyokuwa ikisikika mashambani mlimani ilitoka ndogo, ikabidi Yeseri asogeze sikio karibu na mdomo wake.

"Baba Immy," Biira alisema, "twende tukamzike."