Njia Moja na Nusu

Tulimzika mwalimu wangu huko Muheza, nyuma ya kanisa la Walutheri, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Kwaya iliimba vizuri. Kisha mpwa wake akasimama kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, aliendesha malori ya machungwa, ameacha mjane na watoto, na katika ujana wake alisomea kung fu nchini China na kuhitimu. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mimi niliinama nikatazama udongo mwekundu, kwa kuwa mwalimu wangu hakuwahi kufika China.

Nilijua maneno yale yalikotoka. Upande wa pili wa kaburi alisimama mtoto wa jirani yetu, niliyekua naye mtaa wa Ngamiani, mjini, ambaye siku hizi ni mwalimu mkubwa wa kung fu Dar es Salaam. Tulipokuwa tunanawa mikono nikamvuta kando.

"Ni wewe uliyewaambia?"

"Nilitaka aondoke na heshima," akasema.

"Heshima alikuwa nayo."

"Kwako wewe. Lakini hawa wote..." Macho yake yalikuwa yamevimba, nami sikuwa na moyo wa kugombana na mtu anayelia. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta wa kumsimulia ilivyokuwa. Basi nisikilize wewe.

Nililelewa na bibi, mama wa mama yangu, katika nyumba ya makuti iliyokuwa imebaki peke yake kati ya mabati ya majirani. Asubuhi zangu zilikuwa za kufagia uwanja, kuchota maji na kukuna nazi kabla ya kwenda shule. Alasiri zilikuwa za chuoni kwa Kurani. Bibi aliuza machungwa sokoni, na shule zikifungwa alinichukua kwenda naye Muheza kununua mzigo. Tulifika jua halijachomoza, ukungu bado umelala juu ya michungwa, na harufu ya maganda ikikuingia mpaka kwenye nguo.

Wakati huo mtaani kwetu kulikuwa na banda la video. Tulikaa chini kwenye mkeka, tumebanana, na mbele yetu kijana mwenye kipaza sauti akitueleza Wachina wale wanasema nini. Nadhani nusu ya maneno aliyatunga mwenyewe, lakini tulimwamini. Tulitoka pale tukiwa tumelewa. Mtoto wa jirani aliruka kutoka ukuta wa msikiti akaanguka vibaya, mkono ukafungwa vibao mwezi mzima. Alipopona akatamka jambo ambalo sote tulikuwa tumeliona kwenye kila filamu ila hatukulizingatia: kila shujaa alianza kwa kutafuta mwalimu.

Tukatafuta. Tulimwendea mtu aliyevunja matofali kwa kichwa siku za sikukuu, akatufukuza. Tulimwendea askari mmoja aliyesemekana anajua karate, akasema yeye hafundishi watoto, na watoto wa kike ndiyo kabisa. Nilikuwa msichana peke yangu katika kundi, na jibu lile lilinikaa kooni siku nyingi.

Mwalimu nilimpata pale ambapo sikuwa ninamtafuta. Bibi alikuwa akipatana bei, mimi nikazunguka nyuma ya malori kutafuta pa kujisaidia. Nikamkuta dereva mmoja peke yake, viatu kavivua, anasogeza mikono polepole kama mtu anayepapasa ndani ya maji. Nikadhani ana homa.

"Shikamoo. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nanyoosha mwili."

Nikatazama miguu yake, jinsi uzito ulivyohama kutoka mmoja kwenda mwingine bila kuyumba. "Hii ni kung fu," nikasema.

Akasimama. Akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyefumaniwa. "Miaka yote hapa wananiita mwendawazimu," akasema. "Wewe wa kwanza kulijua jina lake."

Lori lake ndilo lililoleta mzigo wetu Ngamiani. Mpaka linaingia mjini nilikuwa nimemwomba na kumwomba tena, na bibi amenifinya mara kadhaa ninyamaze. Mwishowe dereva akasema Jumamosi, akishamaliza kushusha mzigo, tumngoje nyuma ya ghala la mkonge lililofungwa karibu na reli.

Jumamosi zile! Alikuja ananuka dizeli na machungwa, akajimwagia maji usoni, akatupanga. Hakupenda kelele. Alisema mtu anayepiga kelele anajitisha mwenyewe. Alitusimamisha magoti yamekunjwa hadi mapaja yakatetemeka, na ukijaribu kuinuka alikugusa bega kwa kidole kimoja tu ukarudi chini. Tulijifunza mifuatano ya hatua na mapigo aliyoiita njia: Njia ya Kwanza, Njia ya Pili, kisha Njia ya Chui na Njia ya Nyoka, ambazo tulizipenda kuliko zote kwa kuwa zilifanana na za kwenye video. Tukimaliza, bibi alileta sinia la mihogo ya nazi, tukala wote, Waislamu na Wakristo, watoto wa sokoni na watoto wa karani wa bandari, mikono ikiwa na vumbi bado.

Tulimuuliza alijifunza wapi. Alisema, "Kwa Wachina." Nasi tukajaza yaliyobaki. Mtoto wa jirani aliwaambia wenzetu shuleni kwamba mwalimu wetu aliishi kwenye hekalu juu ya mlima. Mwalimu alisikia. Hakukanusha.

Bibi ndiye aliyeuliza sawasawa. Alikuwa mtu wa zikri, na katika tarika yao ya Kisufi walihifadhi silsila, yaani mnyororo wa walimu, fulani amepokea kwa fulani, hadi juu kabisa. Kwake yeye elimu isiyokuwa na mnyororo ilikuwa kama mtoto aliyeokotwa: utamlea, utampenda, lakini lazima ujue kwamba umemwokota. Jumamosi moja alikuja na sinia lake, akalitua, akaketi juu ya gogo mbele ya mwalimu. Mimi nilikuwa karibu, nikimenya machungwa.

"Mwanangu, sikuja kugomba," akasema. "Huyu mjukuu wangu anaposoma Kurani, namjua anayemsomesha, na namjua aliyemsomesha huyo. Wewe ulisomeshwa na nani?"

"Na Mchina, mama. Nilipokuwa kijana nilikwenda kusini kufanya kazi ya reli. Alikuwa mpishi wa kambi."

"Jina lake?"

"Tulimwita Rafiki. Ndilo neno alilolijua. Nadhani hata yeye jina langu hakulijua."

"Alikwambia ufundishe?"

"Hakuniambia."

"Alikukataza?"

"Hapana, mama. Kambi ilihamishwa, wakaondoka. Nilikwenda asubuhi nikakuta meko yamezimwa."

Bibi akamsogezea mihogo. "Uzi wako umekatika," akasema taratibu. "Uzi kukatika si dhambi, mwanangu. Ila usiwaambie watoto kwamba haukukatika." Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alitukalisha chini. Nakumbuka hakuweza kutazama nyuso zetu. Alikuwa akitazama reli. Akatuambia kwamba yule mpishi alimfundisha Njia ya Kwanza yote, na Njia ya Pili hadi katikati. Sehemu ya mwisho ya Njia ya Pili aliitunga yeye. Chui na Nyoka alizitoa kwenye mabanda ya video, kama sisi.

"Hakuna hekalu," akasema. "Kulikuwa na jiko, na masufuria, na mtu aliyeamka mapema."

Mtoto wa jirani alisimama. Alikuwa bora kuliko sisi sote, na Njia ya Chui alikuwa akiicheza mpaka unaogopa. "Kwa hiyo umetudanganya?"

"Ndiyo," mwalimu akajibu.

Nadhani kama angejitetea kidogo wangebaki. Watoto hupenda kubembelezwa. Lakini alisema ndiyo, akanyamaza, nao wakainuka mmoja mmoja, wakajipangusa vumbi, wakaondoka. Mtoto wa jirani alitangulia, na hakugeuka nyuma. Mwezi ule ule alijiunga na mwalimu mpya wa mjini, mwenye vyeti ukutani na picha ya wazee wa Kichina waliopangwa tangu babu hadi mjukuu.

Mimi nilikwenda nyumbani nikalia, nikamwambia bibi ameniharibia. Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Sasa nenda. Zamani nilikuwa nakuruhusu tu. Sasa najua unakokwenda."

Tulibaki wachache sana. Chui na Nyoka hazikutajwa tena. Kwa miaka tulifanya Njia ya Kwanza, kisha Njia ya Pili hadi pale katikati, mguu mmoja ukiwa hewani na kiganja kimefunguka mbele ya kifua, tayari kwa hatua inayofuata. Hapo tulisimama. Mwalimu alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Hapa ndipo alipoondoka," nasi tukashusha mguu. Mwanzoni niliona aibu, kama mtu anayekatizwa wimbo mbele ya watu. Baadaye nikaanza kupangoja pale mahali. Sijawahi kupata namna nzuri ya kueleza nilichokuwa nakisikia nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, treni ya mizigo ikipita, na mwalimu wetu akiwa amesimama vilevile mbele yetu, uso umetulia, anamsubiri mtu ambaye hatarudi.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Mwalimu alikuja mazikoni kwa lori, akasimama nyuma na kofia mkononi.

Nilipokuwa mtu mzima, wanawake wa mtaani kwetu wakaniomba niwafundishe binti zao. Nilipanda basi kwenda Muheza. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuugua, amekonda, amekaa kibarazani na shuka mabegani ingawa kulikuwa na joto. Nikamwambia nimekuja kuomba idhini.

Mkewe alileta chai ya mchaichai, ikapoa.

"Siwezi kukupa nisichopewa," akasema.

Nilikuwa nimekwenda na kitenge kipya cha kumpa mkewe, nikakishika mapajani kama mjinga.

"Lakini mimi sikukatazwa," akaendelea. "Nami sikukatazi. Wafundishe. Ukifika pale ninaposimama, usimame."

Hiyo ndiyo idhini yangu yote. Mtoto wa jirani ameniambia zaidi ya mara moja kwamba niingie chini ya chama chao, niseme nilisoma kwa mwalimu wake, na binti zangu wataweza kushindana Dar. Anasema kwa nia njema, kama ilivyokuwa nia njema pale makaburini. Nimekataa. Binti wawili wameniacha kwa sababu hiyo, na mmoja wao alikuwa mzuri sana.

Ghala la mkonge limebomolewa. Banda la video ni duka la simu. Nyumba ya makuti niliibomoa mwenyewe, nikajenga ya matofali, na uwanjani ndipo tunapofanyia mazoezi jua likipungua. Watu waliokuwa wakikaa juu ya gogo wakamuuliza mtu mzima mwenzao umejua wapi unachokijua, bila kumfedhehesha, siwaoni tena. Wala siwaoni wanaojibu.

Kabla hatujaanza huwa tunainama. Mtoto mgeni huuliza tunamwinamia nani, kwa kuwa ukutani hakuna picha. Namwambia: wa kwanza ni dereva mmoja wa Muheza, wa pili ni mpishi. Huyo mpishi kama yu hai ni mzee sana sasa, katika kijiji ambacho hata tukitajiwa hatutaweza kukitamka. Huenda amewasahau vijana wa kambini waliokuwa wakimwiga asubuhi wakicheka. Hajui kwamba Ngamiani, kila alasiri, kuna wasichana wanaomwamkia.