Popi Alipogeuza Kichwa

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa nane mwaka huu, asubuhi, tulimpoteza Tata. Hivyo ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba, nami sijui kumwita vingine. Tangu tumzike, harufu inayonirudia si ya dawa wala ya chumba cha mgonjwa. Ni harufu ya mbwa aliyelowa umande, ya nyasi zilizokanyagwa asubuhi, na ya mapera yaliyoiva hadi yakaanza kuchacha. Ni harufu ya kilima kimoja chini ya milima ya Manga, msimu ule nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na mdogo wangu Kemunto ana tisa.

Kilima hicho kilikuwa na mwenyewe, tajiri mmoja wa mjini, aliyekizungushia seng'enge na kuacha nyasi ziote hadi kiunoni. Alifuga kwale kwenye vizimba, akawaachilia kwenye nyasi hizo, na wageni wenye bunduki na vibali walikuja kuwawinda. Tata alikuwa mtunza mbwa wake. Mbwa hao hawakufundishwa kukamata. Kazi yao ilikuwa kumnusa kwale aliyejificha nyasini, kisha kusimama kimya, mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka, mpaka mtu aje amrushe ndege. Wageni walipenda kuja Jumamosi, lakini sisi ni Wasabato, na Tata aliwaambia kwamba Jumamosi hata mbwa wanapumzika. Wakazoea kuja Jumapili.

Mbwa wa mgeni mmoja alikuwa amezalia pale shambani. Mgeni huyo akachukua watoto wote ila mmoja, aliyekuwa dhaifu, na Tata akamleta nyumbani ndani ya mfuko wa koti. Nilimlea mimi. Nilichovya kitambaa kwenye maziwa nikamnyonyesha, nikamlaza karibu na mafiga, nikamtoa viroboto kwa kucha zangu. Tulimwita Popi, kama watoto wote wa mbwa wa kwetu wanavyoitwa, na jina likamganda hata alipokuwa mkubwa. Kemunto hakumgusa. Aliogopa meno yake.

Popi alipokomaa, Tata alisema anaweza kwenda na mtoto mmoja tu siku za wageni, kwa sababu hawataki kelele. Angekwenda yule ambaye Popi mwenyewe angemtaka. Mwingine angebaki kuchuma majani chai na Mama. Nilifurahi kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analo mfukoni. Nilimtaka Popi, ndiyo, lakini zaidi niliitaka ile njia ya kutoka kwetu hadi kilimani, Tata mbele, mimi nyuma yake, pasipo mtu mwingine. Hakuwa amewahi kutembea na mimi peke yangu kwenda popote.

Tulikwenda sote watatu kumjaribu Popi asubuhi moja, ukungu haujapanda. Alikimbia mbele akikata nyasi huku na huku, mara akasimama. Mguu ukainuka, mkia ukanyooka. Nilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Bila kusogeza mwili, Popi aligeuza kichwa. Aliniangalia, kisha macho yake yakanipita, yakaenda chini kwenye mipera alikokuwa Kemunto, mdomo umejaa, hana habari.

"Nyaboke," Tata alininong'oneza, "mwite mdogo wako."

Nilishuka nikamgusa bega. "Njoo. Anakutafuta."

"Mimi sijamwita," Kemunto alisema. "Mwambie asiniangalie basi."

Lakini alikuja, akitafuna. Popi alipomwona amefika alirudisha kichwa chake mbele, Kemunto akapiga hatua moja, na kwale akaruka kwa kishindo cha mabawa hadi nikaruka mimi pia. Tata alicheka kwa sauti, mkono wake juu ya kichwa cha Kemunto.

Nyumbani Mama aliposikia, alinitazama na mwiko mkononi. "Ulikuwa unalea mtoto wa wenyewe," akasema, wakacheka wote. Mimi nilitoka nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hakuna aliyekuwa ameyataka.

Nilimwomba Tata tujaribu tena. Siku hiyo niliamka mapema nikavaa sweta ya Kemunto, ile ya kijani aliyolala nayo, nikijua mbwa huamini pua kuliko macho. Ilinibana kwapani. Popi alisimama karibu na seng'enge ya juu, akageuza kichwa. Pua yake ilitikisika kuelekea kwangu. Kisha macho yakanipita tena.

Tata alikuwa ameona kila kitu. Hakunikemea. Alisema polepole tu, "Vua sweta ya mdogo wako, anasikia baridi." Nikaivua. Nikateremka nayo kwenye mipera, nikampa, nikasema yale yale. "Njoo. Anakutafuta."

Msimu wote ule Kemunto ndiye aliyekwenda. Nikiwa kwenye chai, kikapu mgongoni, nilisikia bunduki ng'ambo ya bonde na mikono yangu ikasimama juu ya majani. Jioni niliwaona wakipanda njia: Popi mbele, Kemunto pekupeku, na Tata nyuma amebeba viatu vya Kemunto kwa kamba zake, visiharibiwe na tope. Wakipewa kwale, Mama alimpika, na Tata alimpa Kemunto ini. Kemunto alilikata vipande viwili akanisogezea kimoja. Nilisema nimeshiba. Nilikuwa na njaa.

Siku hizi kilima kile ni mikaratusi mitupu, na seng'enge iliibwa zamani. Mimi niliishia darasa la nane, nikaolewa, nikarudi. Kemunto ana kazi ya ofisi na nyumba mtaa wa Nyanchwa, mjini. Tata alipopooza na ulimi ukafungwa, mimi ndiye niliyemwosha, nikamgeuza, nikamlisha, miaka miwili. Kemunto alileta dawa na nepi za wazee kila mwisho wa mwezi, na sina la kumlaumu. Hilo ndilo baya lake. Wivu wangu haujawahi kupata kosa la kushikilia.

Jumatano ile tuliyompoteza Tata, Kemunto alikuwa amekuja. Alikuwa langoni akizungumza kwenye simu, maana ndipo mtandao unaposhika. Mimi nilikuwa nampa Tata uji. Kijiko kikiwa njiani, aligeuza kichwa. Mwili haukusogea, kichwa tu. Aliniangalia, kisha macho yake yakanipita, yakaenda mlangoni, yakabaki huko. Nilingoja kijiko kikiwa hewani, labda yangerudi. Hayakurudi. Niliweka kikombe chini, nikatoka hadi langoni, nikamgusa Kemunto bega.

"Njoo. Anakutafuta."

Alikata simu palepale. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa pale nilipokuwa nimekaa, na Tata akaacha kutafuta. Mimi nilibaki kizingitini. Manyunyu yalikuwa yameanza. Niliokota viatu vya Kemunto, nikavipangusa tope, nikaviingiza ndani.