Gauni kwa Mlango wa Mbele

Anza na viatu. Wengi huanza na gauni, nami nilianza na gauni, nikakosea. Gauni likikubana unaweza kulifumua ubavuni ukatia kipande. Kiatu kikikubana huna la kufanya ila kuchechemea, na mwanamume anayechechemea ndani ya sketi hutazamwa mara mbili. Nunua jioni, miguu imeshavimba kwa kazi. Kisigino kisizidi vidole viwili. Tembea nacho jikoni mpaka usahau kuwa umekivaa.

Nasema kama mjuzi, na sijui kama nina haki hiyo. Nilisoma Unguja mpaka darasa la sita, yakaja Mapinduzi, mama akatuchukua mimi na dada yangu, tukahama huku na huku mpaka tukaishia Landani. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Na tangu nina akili zangu napenda kuvaa nguo za kike. Mimi ni mwanamume na sitaki kuitwa vingine. Nikivaa gauni napumua, basi. Wapo wenzangu ambao ni wanawake kweli katika nafsi zao. Hao wana habari yao, siwasemei. Na mke wangu msimsingizie: alijua, na aliponiacha aliniacha kwa ubishi wangu, si kwa magauni.

Mama alipofariki nikabaki na dada. Sote tunakaa Thornton Heath, kusini mwa Landani, yeye ana nyumba, mimi nina chumba. Kila Idi tunakula kwake, na mezani pale ndipo penye watu wote duniani wanaoniita kwa jina la utotoni. Alijua habari yangu. Sharti lake lilikuwa moja: "Fanya ndani kwako, mlango umefunga. Nje usinitie aibu." Nililikubali miaka mingi. Sharti si baya ukilitazama upande wake. Mjane, anauza sambusa kwa watu wa kwetu, jina ndiyo mali yake.

Turudi kwenye mavazi. Kifua wengine hununua cha mpira, bei yake si ya mfua mashuka. Mimi nilitia choroko ndani ya soksi laini. Uzito wake mzuri, zinalala kama nyama. Ila usizifue na usizianike karibu na bomba la maji moto. Mimi nilifua, nikaanika, baada ya siku mbili tatu nikakuta zimeota, mikia myeupe imetokeza kwenye soksi. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Tia mchele, na uubadilishe mara kwa mara.

Ndevu nyoa baada ya kuoga maji ya moto, kisha ngoja ngozi itulie. Pale penye kivuli paka kwanza lipstiki ya rangi ya chungwa, kidogo sana, uisambaze kwa kidole, ndipo uweke poda. Poda iwe ya rangi yako. Nilianza na ya duka la karibu, nikatoka kama mhogo uliomenywa. Nenda mtaa wa Peckham, huko mpaka weusi wa kwetu wana poda yao, na wigi pia utapata huko. Chukua fupi, la mtu wa rika lako. Mwanzoni sote tunataka nywele za binti wa miaka ishirini. Watazame wanawake wa umri wako kwenye kituo cha basi, wamevaaje, uwaige hao.

Ni safari hiyo ya wigi iliyoniponza. Niliona hila: nitavaa buibui na nikabu juu ya gauni langu, nani atanijua? Nawaambia waziwazi, msiifanye hila hii, na sababu yake ni hii.

Ndani ya basi alikaa ubavuni mwangu mama mmoja mnene, mifuko ya ndizi mbichi miguuni. Akatazama kikapu changu cha ukili.

"Asalaam alaykum. Wa kwetu wewe, kikapu hicho hakidanganyi."

Niliitikia kwa kichwa. Lafudhi yake ilikuwa ya Pemba.

"Afadhali nimekupata mwenzangu. Wanangu nikiwaambia kitu wananijibu Kiingereza. Hebu nikuulize, daktari anasema kizazi changu kitolewe, na mume wangu sijamwambia. Wewe umeshatolewa?"

Nikaona aibu. Gauni langu nilikuwa nimelinunua, lakini siri ile ilikuwa ya wanawake, na nilikuwa nimekaa naipokea kama niliyealikwa.

"Bibi, usiendelee," nikasema kwa sauti yangu. "Niwie radhi. Mimi mwanamume."

"Mwanamume! Yarabi! Na umekaa unanisikiliza?"

"Ndiyo maana nimekukatiza."

"Umenikatiza nimeshafika kwenye kizazi! Ungenikatiza kwenye salamu!"

Alikuwa na haki.

"Funua nikuone."

Nikafunua. Akanitazama, akashika kidevu chake. "Si kaka yake yule bibi wa sambusa wewe? Haya. Makubwa." Akachukua mifuko yake akahamia kiti cha mbele, na sikumlaumu.

Wigi nililinunua. Nilipofika nyumbani simu ilikuwa inalia.

"Nimepigiwa," dada akasema.

"Najua."

"Umevaa buibui, we mtoto? Vazi la kujisitiri unafanyia mchezo?"

"Hapo una haki, dada. Nimekosea. Silivai tena."

"Alhamdulillahi."

"Nitavaa gauni langu, uso wazi."

Nilisikia mafuta yanachemka nyuma yake.

"Basi Idi usije kwangu."

Nimejiuliza mara nyingi kama ningenyamaza ingekuwaje. Huenda ningekula Idi zote zilizobaki kwa amani, suruali imepigwa pasi. Lakini amani ile nilikuwa nimeshaila, naijua ladha yake. Kumdanganya mama wa watu kwenye basi sikuweza. Kwa nini niweze kujidanganya mimi? Ya Mungu nitamjibu Mungu mwenyewe, sitakwenda kwake nimevaa nikabu.

Kwa hiyo ukitoka mara ya kwanza, toka mchana, penye watu. Usiku ni wa walevi. Mwambie mtu mmoja unakokwenda. Beba nauli ya teksi, na viatu bapa ndani ya mfuko. Usitembee haraka, mwendo wa haraka huita mbio.

Siku ya Idi nilivaa gauni la kijani la mikono mirefu, wigi fupi, mtandio mabegani. Nikapita barabara kuu yote. Kwenye mlango wa kinyozi jamaa mmoja akapiga mluzi.

"Na wewe pia, Idi njema!" nikamwambia kwa Kiingereza. Wenzake wakamcheka yeye.

Dada alifungua mlango mwenyewe. Nyuma yake nilisikia sahani na sauti za wageni. Alinitazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Pita kwa nyuma," akasema chini chini. "Ingia jikoni. Suruali za marehemu shemeji yako zipo, ubadilishe, ndipo uje ukae na watu."

Kwa haki yake niseme, hata huo wa nyuma ulikuwa ni mlango, maana mwanzo alikuwa amenikataza kuja kabisa. Nilikaribia kukubali.

"Kwa nyuma hupita paka, dada. Mimi nimekuja Idi."

"Usinifanyie haya mbele ya watu."

"Sikufanyii wewe. Nimevaa tu."

Akafunga mlango. Nilisimama pale, kisha nikaenda kukaa kwenye ukuta mfupi wa mbele ya nyumba, unaotazama barabara. Pazia la sebuleni lilifunguka kidogo, likarudi. Likafunguka tena. Niliwapungia mkono. Sijui kama nilikuwa shujaa au mjinga, mpaka leo nikiandika hapa sijui, lakini kuondoka sikuondoka.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Dada akatoka na sahani ya pilau, wageni wamejaa mlangoni nyuma yake, akaja nayo mpaka ukutani mbele ya macho yao yote.

"Kula. Wasije wakasema nimekunyima."

"Ahsante, dada."

Akabaki amesimama, ananikunjia uso.

"Bana magoti. Watu wanapita."

"Hivi?"

"Hivyo. Na gauni ulivute nyuma kabla hujakaa, angalia lilivyokunjamana."

Akarudi ndani. Hakunikaribisha, nami sikuomba. Nilikula pilau yote palepale ukutani, magoti nimeyabana, na kila mgeni aliyetoka nilimpa mkono wa Idi. Baadhi waliupokea. Yule mama wa Pemba aliupokea. Wengine walinipita kama ukuta, na hao pia niliwaambia Idi njema, kwa sauti, mpaka wa mwisho.