Sekunde nane nilizompa Bahati

Wakuu, ejok, salamu kutoka Lodwar.

Mimi humu ni msomaji tu, uzi sijawahi kuandika. Hata darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nainamia daftari. Lakini hii kitu nimeiandika kwa diary mara tatu na bado haijatoka kifuani. Sitaongeza chumvi. Pale nilipokosea, nitasema nilikosea.

Niko Form Three. Kuna game ya anga tunacheza online, ya meli za kusafiri kati ya nyota. Mimi si mpiganaji. Kazi yangu kwa group ilikuwa hesabu.

Kwa wasioijua: meli hairuki ukibonyeza tu. Kwanza igeuke, ielekee unakoenda, ishike mwendo, ndio iruke. Maadui wanakuvizia kwa hizo sekunde za kugeuka. Wakimaliza kukulock, yaani kukulenga, kabla hujaruka, umeisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua uzito wa meli, unazidisha na namba tuliyoiita ukaidi, yaani vile meli inakataa kugeuka. Unapata sekunde. Kukiwa na pointi yoyote, unapanda hadi sekunde nzima, kwa sababu server haijui nusu.

Niliziandika zote kwa daftari la graph, kila meli na ukurasa wake. Jina langu ni Akiru, lakini wakaanza kuniita Mwalimu. Kwa voice sikuwa naongea, nilikuwa nachapa tu, lakini siku hizo nilikuwa natembea shuleni nikitabasamu peke yangu kama mtu ameokota kitu.

Aliyeniingiza ni Bahati. Shule yao ilitoka Kakuma ikaja kwetu kwa contest ya maths, tukawekwa dawati moja. Ni Mkongomani aliyezaliwa kwa kambi ya wakimbizi ya huko, na mchekeshaji kweli. Alikuwa anacheza kwa computer lab ya vijana huko kwao, lisaa limoja kila Jumamosi, tena kwa foleni.

Kwa hayo malisaa, karibu mwaka mzima, alijenga meli ya mizigo kubwa kuliko zetu zote. Aliiita Kalemie. Ni mji wa mamake. Yeye mwenyewe hajawahi kuuona.

Sasa group ikaamua kuhama base. Mali yetu yote ingebebwa na Kalemie, na njiani kuna lango ambako maadui hawatoki. Wao huhitaji sekunde kumi kukulock.

Nikapiga hesabu. Uzito 40, ukaidi 0.2. Sekunde nane. Tukaijaribu meli mahali salama, ikageuka kwa nane kamili. Nikapiga picha ukurasa nikamtumia Bahati.

"Mwalimu, wewe ni mashine," akaandika.

Jumamosi ya safari, alasiri, nilikuwa nimetumwa maji. Nikarudi nikisukuma wilbaro yenye mitungi minne. Kufika kwa gate nikakata kona vile nilivyozoea wakati wa kwenda. Wilbaro ikakataa. Ikaenda mbele moja kwa moja ikagonga nguzo, mtungi mmoja ukaanguka.

Nikasimama hapo, maji yakinipita miguuni.

Tulijaribu Kalemie ikiwa tupu.

Wakuu, mimi nyanya yangu ni wa Nakalale, kwa wafugaji wanaohama. Nimehama naye mara mbili, nimemwona akifunga mizigo kwa punda. Mtoto mdogo wa kwetu anajua punda mwenye mzigo hageuki kama punda mtupu. Mimi nilijua hiyo kabla sijajua kusoma.

Nikakimbilia laptop ya kaka. Uzito na mizigo: 65. Zidisha 0.2. Kumi na tatu.

Walikuwa hawajaondoka. Chat ilikuwa imejaa: "Mwalimu amesema nane, twendeni." Nikachapa "Ngojeni". Nikaitazama. Nikafikiria vile watasema, Mwalimu gani huyu.

Nikaifuta.

Nikajiambia labda leo maadui hawako. Walikuwako. Kalemie ilianza kugeuka polepole, na ikalipuka kabla haijamaliza. Ilikuwa na kila kitu ndani.

Kiongozi wetu tunamwita Kamanda, jamaa wa Nairobi. Alilipuka yeye pia, kwa voice.

"Bahati! Ulibonyeza late! Buda, hiyo net yenu ya Kakuma huletwa na punda ama?"

Watu wakacheka. Bahati akaandika mstari mmoja: "Nilibonyeza kwa wakati."

Kura ikapigwa ya kumtoa. Kura zetu zinaonekana majina. Nikaona nikikaa kimya wataniuliza kwa nini.

Nilibonyeza ndio.

Wiki tano baadaye ilikuwa half term. Shangazi yangu huuza samaki wakavu Kakuma, nikaomba kumsindikiza. Nikampata Bahati kwa kibanda cha mamake, anageuza mandazi.

"Ejok, Mwalimu!" akasema, kama hakuna kitu kilitokea. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikamwambia yote, hata lile neno nililofuta. Hakuacha kugeuza mandazi.

"Nilijuaka," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Ile picha yako ya hesabu niko nayo. Umeandika 40. Meli ilikuwa na 65."

"Sasa mbona hukuwaonyesha?"

"Wangekufukuza wewe. Nikasema, acha, Akiru atajisema mwenyewe." Akatoa mandazi kwa mafuta. "Halafu nikaona jina lako kwa kura."

Mamake, ambaye hakujua tunaongelea nini, akanifungia mandazi mawili kwa gazeti, akakataa pesa.

Nilipoondoka nikamwomba Bahati arudi kwa group. Akasema lisaa lake la lab sasa analitumia dada yake mdogo kujifunza kuchapa.

Jioni hiyo nikaandika ukweli wote kwa group, nikaweka na picha ya ukurasa wangu. Kamanda akajibu: "Iko sawa Mwalimu, imepita. Utatupigia ya Jumamosi?"

Hakuna aliyetaja Bahati. Nikatoka kwa group.

Nilichojifunza: kabla hujapiga hesabu ya meli, uliza imebeba nini. Hiyo ni ya game. Ile nyingine ni kwamba nilikuwa na dakika kama nne nzima na neno moja tayari limeandikwa, na watu wengi huomba sekunde tano tu za kurekebisha kosa.

Daftari la graph bado ninalo. Ukurasa wa Kalemie nimeusahihisha kwa kalamu nyekundu: 65, kumi na tatu. Sijui nautunza wa nini.

Wakuu, hata mkinichapa nitasoma zote. Lakini aliyewahi kuwa Bahati aniambie: wewe ulirudi?